Adamu na Hawa walisamehewa ama la? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa kwa cherehani, Malindi

Mimi ni mama fundi, nashona hapa Malindi si mbali na soko, si sista, si katekista wala sikusomea theolojia popote. Ila kwa jumuiya yetu ya Katoliki nimekaa miaka mingi, na kazi ya cherehani ni kazi ya kusikiliza watu, manake mteja akingojea upindo wa dera hana la kufanya ila kuongea, na sijui kwa nini mazungumzo yakianza na bei ya nyanya yaishia bustani ya Edeni. Maswali ni yaleyale. Nimeamua kuyaandika, mtu akiuliza namtumia kwa simu nami naendelea na kazi. Mistari nimeiweka mfungue Biblia wenyewe, msinitegemee mimi.

Haya tuambie kwa ufupi, walisamehewa ama hawakusamehewa?

Hakuna mstari unaosema "Mungu akamsamehe Adamu". Soma Mwanzo 3 yote juu hadi chini, haumo. Hata neno lenyewe dhambi halimo mle, laja kutajwa mara ya kwanza kwa habari za Kaini, Mwanzo 4:7. Kwa hivo anayekwambia imeandikwa walisamehewa anakupiga chenga, na yule anayeapa kwamba imeandikwa walitupwa moja kwa moja pia anakupiga chenga. Kilichoandikwa ni vitu alivyovifanya Mungu baada ya kosa, na mzazi aliyekasirika husomwa mikono, mdomo waweza kusema mengi. Mimi nasema walisamehewa. Adhabu haikufutwa, walitolewa bustanini kweli, lakini walitoka wamevikwa nguo na aliyewafukuza, na hapo kwa nguo ndo mimi ninaposhikilia, nitafika.

Mbona hawakuomba msamaha? Kama hukuomba utasamehewaje?

Hili swali lina nguvu, wala si la kupuuza. Mungu anaita, "Uko wapi?" Si kwamba hamuoni, hata mama akijua mtoto yuko nyuma ya mlango na sufuria ya sukari bado huita, ampe nafasi ajitokeze mwenyewe. Adamu anajitokeza, anasema aliogopa kwa kuwa yu uchi akajificha. Anaulizwa wazi, umekula? Jibu la ndio ama la latosha. Yeye anasema huyo mwanamke uliyenipa ndiye aliyenipa nikala (3:12). Ona huo ujanja, kwa sentensi moja amemtupia mke na amemtupia Mungu pia, mwanamke *uliyenipa*. Hawa naye akamtupia nyoka. Nyoka hakuulizwa kitu!

Sasa mtu ataona hapo hamna toba, na ni kweli kwa maneno hamna. Ndo maana watu wa zamani lilikuwa likiwasumbua pia, wakajaza lile pengo. Kuna masimulizi ya kale nje ya Biblia yanasema Adamu alisimama ndani ya mto Yordani siku 40 maji hadi shingoni akitubu, na Hawa kwa mto Tigri siku 37. Walimu wa Kiyahudi nao wana hadithi kwamba Adamu alikutana na Kaini akamuuliza kesi yako iliishaje, Kaini akamwambia nilitubu nikapunguziwa, Adamu akajipiga usoni akasema kumbe toba ina nguvu hivi nami nilikuwa sijui. Hiyo naipenda sana, baba kufunzwa na mtoto muuaji. Lakini ni hadithi, Mwanzo yenyewe imenyamaza.

Ila soma 3:20. Hukumu imeshatoka, ameambiwa mavumbini atarudi, na kitu cha kwanza anachofanya Adamu ni kumpa mkewe jina, Hawa, mama yao wote walio hai. Dakika chache nyuma alikuwa "huyo mwanamke". Mimi nikisikia mume anaacha kumwita mkewe "huyo" na kumwita kwa jina zuri, najua kuna kitu kimebadilika ndani ya ile nyumba hata kama hajasema pole.

Kosa lilikuwa la nani, Adamu ama Hawa?

Kuna mzee mmoja mteja wangu, suruali zake zote ni mimi, kila akija lazima aseme "nyinyi wanawake ndo mlituponza". Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu sana, lakini njoo tusome.

Katazo lilitolewa Mwanzo 2:16-17, na lilitolewa kwa umoja, *utakufa*. Hawa hajaumbwa bado, anakuja kuanzia mstari wa 18 kwenda mbele. Kwa hivo yeye sheria aliisikia kwa mumewe, na ilipomfikia imeongezeka, manake anamwambia nyoka ati hata kuyagusa tusiguse, na hilo la kugusa Mungu hakulisema. Nani aliliongeza, Adamu ama Hawa? Chagua mwenyewe.

Alafu nyoka anapoongea na mwanamke anasema "Hakika *ham*takufa". Sisi wa Kiswahili tuna bahati, lugha yetu yaonyesha wazi kama ni mmoja ama ni wengi wanaoambiwa. Nyoka anaongea na watu wawili! Na Kiebrania cha 3:6 chasema akampa na mumewe aliyekuwa pamoja naye. Sasa mzee, huyu Adamu alikuwa wapi mazungumzo yote? Alikuwa hapo hapo amenyamaza kama mtu anayengoja kuona chakula kina chumvi ama hakina.

Paulo ana mistari miwili ambayo watu huchagua kulingana na wanachotaka kusema. Kwa 1 Timotheo 2:14 anasema Adamu hakudanganywa, mwanamke ndiye aliyedanganywa, na mzee wangu hapo hushangilia. Lakini fikiria vizuri, aliyedanganywa na aliyekula akijua, nani ana kosa kubwa zaidi? Alafu Warumi 5:12 na kuendelea ni mtu mmoja tu anatajwa kuleta dhambi duniani, na jina lake ni Adamu, Hawa hayumo. Tangu nimsomee hiyo amepunguza, sasa anasema "mlituponza kidogo".

Mungu alisema siku watakapokula watakufa, mbona hawakufa?

Mwanzo 5:5, Adamu aliishi miaka 930. Wengine wanasema walikufa kiroho siku hiyo, wengine wanasema mauti yalianza kazi siku hiyo kama mti uliokatwa ambao majani bado ni ya kijani, na kuna wanaosema wazi kwamba hukumu ilicheleweshwa kwa huruma. Mimi niko na hao wa mwisho. Hakimu akikwambia adhabu ni kifo leo alafu ukaenda nyumbani ukazaa, ukazeeka, ukaona vitukuu, kuna mtu amekuonea huruma mahali.

Na tena angalieni ni nani aliyelaaniwa kwa hiyo sura. Nyoka amelaaniwa (3:14). Ardhi imelaaniwa (3:17). Adamu na Hawa walipewa uchungu, jasho na mavumbi, ila neno "umelaaniwa" halikuwekwa juu ya vichwa vyao. Wahubiri wengi wa mikrofoni hulipita hilo mbio mbio.

Hizo nguo za ngozi zina maana gani?

Hili sasa ni la idara yangu.

3:7 wenyewe walishona majani ya mtini wakajifanyia nguo. 3:21 Mungu akawafanyia mavazi ya ngozi, *akawavika*. Siku moja kazi ilikuwa haba nikasema hebu nijaribu, nikamtuma kijana aniletee majani ya mkuyu manake ni wa ukoo mmoja na huo mtini wa Biblia. Nikashona kwa mkono, sindano kubwa, uzi wa nailoni. Jani lapitisha sindano vizuri lakini ukivuta uzi lachanika, lazima ushone mbali na ukingo na upitishe kwa mshipa wa katikati. Utomvu mweupe ukanitoka kwa vidole kama maziwa. Nikapata kitu cha upana wa aproni. Kufika jioni kimejikunja chote kama chapati iliyosahaulika, kesho yake ukikigusa chavunjika, nami mkono wawasha hadi kwa kiwiko.

Nikamwambia mseminari mmoja aliyekuja kupunguza kanzu, akacheka akaniambia mama, hilo la kuwasha lilishasemwa zamani. Kumbe kuna askofu Irenaeus wa Lyon, huko Ufaransa ya leo, mnamo mwaka 180 aliandika kwamba Adamu alichagua majani ya mtini kwa toba, kuna majani mengine mengi laini angeweza kuyavaa lakini akavaa yanayouma mwili, na Mungu akamuonea huruma akamvisha ngozi badala yake. Nilikaa kimya. Manake mimi nilidhani walivaa ya mtini kwa kuwa ndo yaliyokuwa karibu, na labda ndivo, Biblia haisemi, lakini kwa mtu aliyewashwa mkono mzima siku mbili hiyo fikra haitoki kichwani.

Na ngozi si kazi ya kuripua. Muulize fundi wa makubadhi, ngozi huchunwa, hukwanguliwa nyama, hukaushwa, husuguliwa ilainike, hukatwa kwa kipimo cha mtu. Kipimo! Huwezi kumvika mtu bila kumkaribia. Mteja niliyekosana naye mimi humwambia aache kitambaa na vipimo kwa karatasi, sitaki tepu yangu imguse. Mungu aliwapima wakosaji wake. Watu wengi huongeza hapo kwamba mnyama alichinjwa, ndo kafara ya kwanza, picha ya Yesu. Yaweza kuwa, ni mafundisho mazuri, lakini mstari wenyewe hausemi habari ya mnyama wala damu, kwa hivo mimi husema nguo halafu naishia hapo.

Mbona basi aliwafukuza? Mtu hufukuza aliyemsamehe?

Hufukuza, ndio. Kijana akiiba pesa dukani kwa babake, babake aweza kumsamehe kabisa na bado asimrudishie funguo. Na sababu imeandikwa 3:22, asije akala mti wa uzima akaishi milele akiwa katika hali ile. Huyo huyo Irenaeus alisema hiyo pia ilikuwa huruma, kosa lisije likawa halina mwisho.

Kama hawakujua mema na mabaya, walikosaje?

Mtoto wangu wa kwanza nilimwambia usiguse pasi. Hakujua kuungua ni nini, lakini "usiguse" aliielewa vizuri sana, manake alingoja nigeuke ndo akagusa.

Lile tunda lilikuwa tofaa?

La. Biblia yasema tunda basi. Tofaa lilitoka kwa Kilatini ambapo neno la ubaya na neno la tofaa yafanana, na wachoraji wa Ulaya wakalishika. Wayahudi wa zamani walibishana kama ni zabibu, ngano ama mtini. Hapa Malindi tungelichora embe.

Mimi nina hatia gani? Sikuwako!

Hili ndilo lenye moto, na ndilo linalogawa makanisa. Tuende polepole.

Ezekieli 18:20 yasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na Warumi 5 yasema kwa kosa la mmoja wote walikufa. Zote mbili ni Biblia. Sasa utazifungaje pamoja?

Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo, Algeria ya leo, huyo ni Mwafrika mwenzetu, alizaliwa 354 akafa 430, yeye alisema sote tulikuwa ndani ya Adamu kwa hivo hatia ni yetu. Sehemu ya hoja yake ilisimama juu ya Warumi 5:12 kwa Kilatini, iliyosomeka "ambaye ndani yake wote walitenda dhambi". Kigiriki, na hata Biblia yetu ya Kiswahili, chasema "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Ni neno dogo tu la kiungo lakini limezaa mabishano ya miaka elfu moja na mia tano. Mtawa mmoja wa wakati huo, Pelagius, alipinga, akasema Adamu alitupa mfano mbaya tu, akakataliwa na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago mwaka 418. Waorthodoksi wa mashariki wakaenda njia ya kati, wanasema tulirithi mauti na udhaifu, hatia ya Adamu ni ya Adamu. Na sisi Wakatoliki tuna mtaguso wa Trento, 1546, uliosema dhambi ya asili yapitishwa kwa kuzaliwa na huondolewa kwa ubatizo, lakini Katekisimu ya 1992, kitabu cha mafundisho ya Kanisa letu, yafafanua kwamba kwa sisi wazao ni dhambi tuliyoipokea, si tuliyoitenda, haina sura ya kosa la mtu binafsi.

Kwa lugha ya Pwani mimi husema hivi. Babu yako aliuza shamba la ukoo kwa bei ya kutupa. Wewe hukuweko, hukutia kidole gumba kwa karatasi, hakuna korti itakayokushtaki. Lakini amka kesho uende ukalime hilo shamba tuone! Huna kosa na huna shamba. Hapa watu hulielewa hilo mara moja, sihitaji kumaliza sentensi, kila nyumba ina hadithi yake ya shamba.

Jirani zangu Waislamu wanasema Nabii Adam alisamehewa pale pale. Tofauti ni nini?

Kwa Qurani imeandikwa waziwazi. Sura ya Al-Baqara aya 37, Adam alipokea maneno kwa Mola wake na toba yake ikakubaliwa. Al-A'raf aya 23 wote wawili wanakiri pamoja kwamba wamezidhulumu nafsi zao, na Bi Hawa hatupiwi lawama peke yake. Na Al-An'am 164, hakuna abebaye mzigo wa mwenzake, kwa hivo hakuna dhambi ya kurithi. Kwao kesi ilifungwa, kwetu Wakristo iliendelea hadi msalabani, na hapo ndo tofauti ilipo. Jirani yangu wa ukuta huniletea kahawa tamu tukibishana haya na hatujawahi kukosana, tumekosana juu ya maji ya bafu tu. Wala mazungumzo haya si mageni kwa mji huu, mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri akienda India alipita Malindi, na kwa barua yake anaeleza habari ya Mwislamu mmoja mwenye heshima aliyemlalamikia kwamba misikiti ni 17 lakini inayoendewa ni 3. Hata hiyo lawama ya watu hawaji ibada si ya leo.

Kwa hivo sasa wako wapi, mbinguni ama wapi?

Zamani alitokea mtu aitwaye Tatian akasema Adamu hakuokoka. Irenaeus akamjibu kwa ukali, akasema mchungaji alikuja kutafuta kondoo aliyepotea, na aliyepotea wa kwanza ni nani kama si Adamu? Ukimwacha huyo, nyoka ameshinda. Kanisa likamfuata Irenaeus. Kitabu cha Hekima, ambacho kimo kwa Biblia ya Katoliki, sura ya 10 mwanzoni chasema Hekima ilimwokoa baba wa kwanza katika kosa lake. Waorthodoksi huchora Yesu wa Pasaka akivunja milango ya kuzimu, mkono mmoja amemshika Adamu, mwingine Hawa, na picha nyingi anawashika kwa kifundo cha mkono, pale kwenye mshipa, vile unavyomvuta mtu anayezama asiyeweza kujishika mwenyewe. Mvuvi yeyote wa hapa ajua huo mshiko. Sisi nasi usiku wa Pasaka tunaimba kwamba kosa la Adamu ni kosa lenye heri kwa kuwa lilituletea Mkombozi, na zamani kule Ulaya tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka hao wawili.

Nifunge kiasi gani ndo nilipie dhambi ya asili?

Nauliza na mimi, nani amekufunza hivo? Tangu 2023 na yale ya Shakahola, ambako watu waliambiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, msitu uko nyuma yetu hapa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mimi swali hili silijibu kwa mzaha. Soma hukumu yenyewe, Mwanzo 3:19, kwa jasho la uso wako *utakula chakula*. Hata siku ya kufukuzwa waliambiwa watakula. Anayekwambia usile umfikie Mungu, toka hapo alipo, mwambie mtu wa nyumbani kwako leo hii.

Ni Hawa ama ni Eva?

Yote sawa. Na mjue kitu kimoja cha kuringia, mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa 1844 alianza kutafsiri Biblia kwa kitabu cha Mwanzo, na mwaka 1847 sura 3 za kwanza zikachapwa kule Marekani. Sura tatu, manake hadithi hii hii, kutoka kuumbwa hadi upanga wa moto mlangoni.

Naweza kuja dukani tuongee zaidi?

Karibu, ila usije Desemba na usije wiki ya Idd, hizo siku nashona hadi saa sita usiku na atakayenitajia Adamu atapewa vifungo avitie. Na mzee wangu, suruali yako iko tayari tangu Jumanne.